SAYYIDNA UMAR BIN KHATTAB NA NYUMBA YA UNGA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu, Ramadhani inapokaribia, hapa mtaani kwetu Mpendae watu wa kheri hukusanya mchele na unga na sukari na mafuta na tende, wakavitia katika mifuko na kuwagaia mafakiri. Jambo hili ni jema, wala hatumwambii mtu aliache. Walakin mwaka mmoja tulimwona bibi mmoja mzee aliyesimama safuni tangu asubuhi, na zamu yake ilipofika akaambiwa auinue mfuko mbele ya kifua chake apigwe picha kwanza. Yule bibi akauteremsha ukaya juu ya uso wake, akauweka mfuko chini, akarejea kwake mikono mitupu. Waliokuwapo wakasema ana kiburi. Sisi tukajiuliza: mchele ule ulikuwa mali yetu tuliyomkirimu, au ulikuwa haki yake iliyokuwa mikononi mwetu?

Suala hili si geni katika umma wetu. Alilikabili Sayyidna Umar bin Khattab, Radhiya Llahu anhu, tangu karne ya kwanza ya Hijra, naye akalijibu kwa vitendo. Kwa hivyo tumeona yafaa tuieleze hapa sira yake kwa ufupi, na hasa upande huu wa chakula cha maskini, kwani wengi wetu twajua ushujaa wake na hatujui daftari lake.

KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Sayyidna Umar alizaliwa Makka, yapata miaka 13 baada ya Mwaka wa Ndovu. Baba yake ni Khattab bin Nufayl, wa ukoo wa Bani Adiyy katika Maquraysh, na mama yake ni Hantama binti Hashim. Ukoo wao ulikuwa wenye heshima, lakini haukuwa katika koo za matajiri wakubwa. Alipokuwa kijana alimchungia baba yake ngamia katika bonde la Dajnan, karibu na Makka, na baba yake alikuwa mtu mkali, akimfanyisha kazi hata achoke, na akifanya taksiri humpiga. Miaka mingi baadaye, alipokuwa Khalifa, alipita mahali pale pamoja na wenziwe akawakumbusha kwamba hapo ndipo alipokuwa akichunga amevaa kanzu ya sufi, na leo hapana aliye juu yake ila Mwenyezi Mungu. Hakuisema khabari hiyo kwa kujisifu. Aliisema ili nafsi yake isisahau ilikotoka.

Alijua kusoma na kuandika katika zama ambazo Maquraysh waliojua kalamu walikuwa wachache. Elimu hii tuikumbuke, kwani ndiyo iliyomfaa siku alipotaka kuwaandika watu wote.

KUSILIMU KWAKE

Hapo kwanza alikuwa adui mkubwa wa Uislamu. Siku moja akatoka na upanga wake akimkusudia Mtume, Salla Llahu alayhi wa sallam. Njiani akaambiwa aanze nyumbani kwao, kwani dada yake Fatima na mume wake Said bin Zayd wamekwisha silimu. Akaenda kwao kwa ghadhabu, akamkuta mtu akiwasomesha Sura ya Taha. Alimpiga dada yake hata damu ikamtoka, na alipoiona ile damu akaona haya, akaomba aonyeshwe walichokuwa wakikisoma. Akakisoma, moyo wake ukalainika, akenda kwa Mtume akasilimu. Hayo yalikuwa katika mwaka wa 6 wa Utume. Alihamia Madina mwaka wa 622 Miladiya, akawa pamoja na Mtume katika Badr na Uhud na vita vilivyofuata, na binti yake Hafsa akaolewa na Mtume.

SHAMBA LA KHAYBAR

Ilipofunguliwa Khaybar, mwaka wa 7 Hijriya, Sayyidna Umar alipata huko ardhi iliyoitwa Thamgh. Hajapata kuwa na mali aliyoipenda kama hiyo. Akaenda kwa Mtume kumtaka shauri, na Mtume akamwelekeza kwamba akipenda auzuie mwili wa ardhi na ayatoe sadaka matunda yake. Akafanya hivyo. Akaandika kwamba ardhi ile haiuzwi, wala haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Pato lake ni la mafakiri, na jamaa, na kuwakomboa watumwa, na msafiri, na mgeni. Na mwenye kuisimamia hana dhambi akila humo kwa kadiri ya wema pasipo kujilimbikizia mali.

Wanachuoni wengi wameifanya khabari hii kuwa msingi mkubwa wa wakfu. Kila nyumba ya wakfu tuionayo Mji Mkongwe, na kila shamba la minazi au mikarafuu lililofungwa kwa ajili ya msikiti au maskini katika kisiwa hiki cha Unguja, limefuata mfano wa shamba lile la Khaybar. Na maana yake ni kubwa. Mtu akitoa kapu la tende, tende huliwa zikesha. Akiuzuia mtende, maskini atakayezaliwa miaka mia baadaye ana fungu lake tayari, wala hana haja ya kumjua aliyempa.

KUSHIKA KWAKE UKHALIFA

Alipofariki Sayyidna Abu Bakr, mwaka wa 13 Hijriya, yaani 634 Miladiya, Sayyidna Umar akashika ukhalifa. Katika zama zake zikafunguliwa Sham na Iraq na Misri na sehemu kubwa ya Fursi. Yeye mwenyewe katika Baitul Mali alijihalalishia nguo mbili, moja ya kipindi cha baridi na moja ya joto, na mnyama wa kupanda kwa Hija na Umra, na chakula cha mtu wa kati na kati katika Maquraysh, si tajiri wao wala si fakiri wao.

Ilipokuja khabari ya ardhi ya Iraq, askari wengi walitaka igaiwe kwao kama ngawira. Sayyidna Umar akakataa, akashauriana na masahaba siku kadha wa kadha. Hoja yake ilikuwa kwamba akiigawa leo kwa waliohudhuria, watakaokuja baadaye hawatakuta kitu, wala hapatakuwa na mali ya kumlea mjane na yatima. Basi ardhi ikabaki mikononi mwa wakulima wake, wakitoa kharaji, na kharaji ikawa ya umma.

MWANAMKE NA CHUNGU CHAKE

Usiku mmoja alitoka nje ya Madina pamoja na Aslam, mtumishi wake, wakaona moto kwa mbali. Walipofika wakamkuta mwanamke na watoto wake wanalia, na chungu kiko motoni. Alipoulizwa, akasema watoto wana njaa, na chunguni hamna ila maji, awanyamazishe kwayo hata walale. Na kwamba Mwenyezi Mungu atahukumu baina yake na Umar. Wala hakujua kwamba anasema naye. Sayyidna Umar akamwuliza Umar atawajuaje hali yao, naye akajibu kwamba haimkini mtu ayatawale mambo yao kisha aghafilike nao.

Akarudi mbio mpaka ghala ya unga, akatoa gunia na mafuta, akamwambia Aslam amtwike. Aslam akataka alichukue yeye, na Sayyidna Umar akamwuliza kama ataweza kumchukulia na mzigo wa dhambi zake Siku ya Kiyama. Akalichukua mgongoni, akapika mwenyewe, akipuliza moto hata moshi ukampita katika ndevu zake. Akawapakulia watoto wakala wakashiba, wala hakuondoka hata alipowaona wanacheka.

Kisa hiki kila mtoto wa chuoni akijua, na waadhi hukisoma ili watu wapende kutoa sadaka. Lakini tukitazame vizuri. Yule mwanamke hakuomba sadaka, alishitaki. Na Sayyidna Umar hakulichukua gunia lile kama mfadhili. Alilichukua kama mdaiwa aliyechelewa kulipa deni.

MWAKA WA MAJIVU

Katika mwaka wa 18 Hijriya, yaani 639 Miladiya, mvua ilikatika Hijazi, na upepo ukawa unapeperusha mchanga kama majivu. Ndiyo sababu mwaka huo ukaitwa Amu Rramada. Mabedui wakamiminika Madina kwa njaa. Sayyidna Umar akawaandikia maliwali wake wa Sham na Iraq wapeleke chakula, na Abu Ubayda bin Jarrah akaja kutoka Sham na misafara ya ngamia 4,000 iliyopakia nafaka. Masufuria yakawa yanapandishwa motoni tangu alfajiri. Wapokezi wamesimulia kwamba usiku mmoja walihesabiwa waliokula kwenye karamu yake wakawa watu 7,000, na wagonjwa na wanawake na watoto waliopelekewa chakula walipokuwa wakawa 40,000. Kisha idadi ikazidi.

Yeye mwenyewe alijiharimishia samli na nyama mpaka watu wote wazipate. Akala mkate na mafuta ya zeituni hata rangi yake ikageuka ikawa nyeusi, na tumbo lake likawa linanguruma mbele za watu. Mwaka ule hakuwatuma watoza zaka kwa wafugaji. Aliwangoja hata mvua iliponyesha, ndipo wakatozwa za miaka miwili, na nusu ikagawanywa pale pale kwa maskini wao. Na mwizi aliyeiba kwa njaa hakumkata mkono. Kwani mtawala aliyeshindwa kumlisha mtu, atamhukumu vipi kwa kula?

Mvua iliponyesha, hakuwaacha wale mabedui wawe wenye kungoja sufuria milele. Aliwapa masurufu na vipando wakarudi katika nchi zao.

DAFTARI

Mwaka wa 20 Hijriya Abu Hurayra alikuja kutoka Bahrain na mali nyingi, dirham 500,000. Sayyidna Umar akashauriana na watu namna ya kuigawa, na ikakubaliwa kuandikwa daftari, yaani diwani, kama waliyoiona katika dola za Sham na Fursi. Akawaita Aqil bin Abi Talib na Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mutim, wajuzi wa nasaba, wakaandika majina ya watu kabila kwa kabila. Walitaka waanze na yeye. Akakataa, akaamrisha waanze na jamaa za Mtume, kisha wafuate walio karibu, na yeye wamweke pale ukoo wake unapoangukia.

Hapo kwanza mtoto alikuwa haandikwi mpaka aachishwe ziwa. Ukaja usiku msafara wa wafanya biashara, Sayyidna Umar na Abdur Rahman bin Awf wakakesha kuulinda. Akasikia mtoto analia, akamwendea mama yake mara mbili tatu kumwambia amtulize. Mwisho yule mama akasema kwamba anamlazimisha kuacha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hampi fungu mtoto anyonyaye. Alfajiri Sayyidna Umar aliwasalisha watu nao hawaufahamu usomaji wake kwa kilio. Kisha akanadi kwamba kila mtoto wa Kiislamu aandikwe tangu siku ya kuzaliwa, apewe dirham 100, na akikua aongezewe. Hata mtoto wa kuokotwa aliandikiwa fungu, na gharama za kunyonyeshwa kwake zikatoka Baitul Mali.

Katika khabari hii mna funzo kubwa kwa wenye kutunga kanuni. Ile kanuni ya kwanza ilitungwa kwa nia njema, lakini mlango wake uliwekwa mahali pabaya, na madhara yake yakamfika mtoto mchanga. Sayyidna Umar hakumlaumu mama kwa hila yake, aliibadili kanuni.

Akataka pia ajue mtu hutoshewa na nafaka kiasi gani. Akaamrisha unga ukandwe na mkate uokwe, akawaita maskini wakala hata wakashiba, ikahesabiwa walichokila. Akaona mtu hutoshewa na jaribu mbili kwa mwezi, na jaribu ni kipimo chao cha nafaka; akamwandikia kila mtu kiasi hicho, mwanamume na mwanamke na mtumwa. Hakukisia kwa kukaa kitako akiwa ameshiba. Alipima kwa matumbo ya wenye njaa.

Misri ilipofunguliwa, Amr bin Al-As aliuchimbua upya mfereji wa kale kutoka Mto Nili mpaka Qulzum, na majahazi yakawa yanaleta nafaka mpaka bandari ya Al-Jar, karibu na Madina. Hata hapo wafanya biashara hawakukosa. Hakim bin Hizam alinunua chakula ambacho Sayyidna Umar aliwaandikia watu, akakiuza kabla ya kukipokea. Khabari ikamfikia Sayyidna Umar, akaivunja biashara ile na kumkataza.

Wala haki hii haikuwa ya Waislamu peke yao. Alimwona mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba mlangoni, akamwuliza limsukumalo, akajibu ni jizya na haja na uzee. Sayyidna Umar akamshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa kitu, kisha akamwita mtunza hazina akamwamrisha amwangalie mzee yule na walio mfano wake, kwani si insafu kula ujana wa mtu kisha kumtupa akizeeka. Akamwondolea jizya.

NYUMBA YA UNGA

Sasa tufikie jambo lililotupa jina la kitabu hiki. Sayyidna Umar alijenga nyumba iliyoitwa Daru Ddaqiq, yaani Nyumba ya Unga. Humo aliweka unga, na sawiq, yaani unga wa shayiri iliyokaangwa, na tende, na zabibu, na vitu vingine vya kuhitajiwa. Na kadhalika katika vituo vya njia baina ya Makka na Madina aliweka vya kumfaa msafiri.

Nyumba ile ilikuwa ya nani? Wapokezi wamebainisha kwamba ilikuwa ya mgeni, na ya mtu aliyekatikiwa njiani. Mwenyeji wa Madina alikuwa na jina lake katika daftari na jaribu zake mbili kila mwezi. Hakuwa na haja ya kusimama mlangoni pa Nyumba ya Unga. Kwa hivyo vitu vilikuwa viwili, na kila kimoja kilikuwa na mahali pake: daftari kwa maisha ya kila siku, na ghala kwa msiba wa ghafula. Ghala halikuwekwa lichukue mahali pa daftari.

KUFARIKI KWAKE

Siku chache kabla ya kufa kwake alisema kwamba Mwenyezi Mungu akimweka hai, atawaacha wajane wa Iraq hawamhitajii mtu yeyote baada yake. Hazikupita siku nne akapigwa jambia katika sala ya alfajiri na Abu Luulua, mtumwa wa Mughira bin Shuba. Akafariki mwisho wa Dhul Hijja mwaka wa 23 Hijriya, yaani Novemba 644. Alimwusia mwanawe Abdalla aihesabu deni yake, ikaonekana kiasi cha dirham 86,000, akaamrisha ilipwe kwa mali ya jamaa zake. Na Khalifa wa baada yake alimwusia, pamoja na mengine, kwamba zaka za mabedui zichukuliwe katika ziada ya mali zao na zirudishwe kwa mafakiri wao. Akazikwa pembeni mwa Mtume na Sayyidna Abu Bakr, kwa idhini ya Bibi Aisha.

MAZINGATIO

Ndugu msomaji, katika mji wa Phoenix, Marekani, mwaka wa 1967, mtu mmoja aitwaye John van Hengel alianzisha ghala la kukusanya chakula kilichosalia madukani wapewe maskini, na mfano wake ukaenea duniani kwa jina la benki za chakula. Uingereza nayo ilitengeneza daftari lake la kuwatunza raia baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwa sheria za miaka ya 1946 hata 1948, ili mgonjwa na mzee na asiye kazi wasiombe. Na leo katika Uingereza hiyo hiyo benki za chakula zimezidi 2,000, nao waendao huko wengi si wasafiri waliokatikiwa njiani. Ni wenyeji, na baadhi yao wana kazi. Wema wa wenye kutoa hatuukanushi. Lakini wenyeji wanapopanga safu katika Nyumba ya Unga, hapana budi mtu afungue daftari atazame limekosea wapi.

Sisi Unguja tuna vyote viwili. Tuna wakfu na Kamisheni yake, na tuna zaka, na tuna mifuko ya Ramadhani. Na tangu Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar imewaandikia wazee wote waliotimia miaka 70 pensheni ya kila mwezi, tajiri wao na fakiri wao, na ilianza kwa shilingi 20,000. Fedha hizi si nyingi, na wazee wenyewe hulisema hilo. Walakin yule bibi wa Mpendae aliyeuacha mfuko chini, siku ya pensheni twamwona anakwenda uso wazi, na jina lake likiitwa huitika kwa sauti. Basi hakuwa na kiburi. Alijua tu tofauti ya kinachoitwa kwa jina lake na kinachotaka sura yake iwe bei.

Tufanye nini, basi? Tuendelee kutoa, na tutoe usiku, tukichukua mfuko wenyewe mpaka mlangoni kama alivyofanya Sayyidna Umar, pasipo picha wala safu. Mwenye shamba au nyumba ya ziada aizuie wakfu, na msimamizi wa wakfu ale kwa wema. Na kila mwenye kalamu mtaani, sheha na karani na mwalimu, atazame nani hakuandikwa: mjane asiyefika umri wa pensheni, yatima, mgonjwa asiyeweza kufika ofisini. Kumwandika mtu huyo ni sadaka ambayo haionekani katika picha yoyote, na huenda ndiyo nzito zaidi katika mizani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyidna Umar, na atujaalie katika wenye kutoa haki kabla ya kudaiwa. Wabillahi ttawfiq.